Dakika Ishirini za Jabez Garrod

Tulikuwa wanaume kumi na watatu katika chumba cha juu cha baa ya Ng'ombe Mweusi, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo kutoka nje. Hakimu wa vifo alikuwa ameteremka kula. Alituachia agizo moja: tupime ushahidi tuliousikia kwa siku mbili, kisha tuseme Dorcas Venn aliuawa na nani, ikiwa tunamjua, na ikiwa hatumjui tuseme hivyo. Mimi, Enoch Larkham, fundi saa, nilichaguliwa kuwa kiongozi wa jopo kwa sababu niliwazidi wenzangu umri na kwa sababu sikunywa pombe.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka 1887, Bermondsey. Dorcas alikuwa mwanamke wa tatu tangu Julai. Wote watatu waliuawa kwa kisu, wote kabla ya mapambazuko, wote katika vichochoro vinavyokizunguka kiwanda cha ngozi. Madirisha ya chumba chetu yalifungwa ili kuzuia kelele za umati uliojaa barabarani, lakini harufu ya ngozi mbichi na magome yaliyolowekwa iliingia vilevile, kama ilivyoingia katika kila tulichokula na kila tulichovaa.

Katika chumba cha pili, kati ya askari wawili, alikaa Jabez Garrod, mwamshaji wa Mtaa wa Hazeldine. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mpole wa maneno, na mikono yake ilikuwa baridi hata wakati wa kiangazi. Kila alfajiri alipita na ufito wake wenye waya nchani, akigonga madirisha ya ghorofani, moja baada ya jingine, wala hakusogea mpaka auone mkono wa mwenye nyumba ukipungwa nyuma ya kioo. Akishamaliza madirisha yake huchukua ndoo na kuokota mavi ya mbwa barabarani, ambayo kiwanda huyanunua kwa kulainishia ngozi. Kwa hiyo alikuwa mtu pekee katika parokia yetu aliyekuwa nje kila siku saa ile ambayo wanawake wale waliuawa. Hilo peke yake lilitosha kuwafanya watu wamtazame.

Lililomfikisha mbele yetu ni hili. Askari wa zamu aliukuta mwili wa Dorcas alfajiri ya Jumanne, saa kumi na moja kasorobo, kwa saa yake ambayo hurekebishwa kituoni kila jioni. Daktari aliapa kwamba mwanamke yule hakuwa amekufa zaidi ya nusu saa. Dakika nne baadaye, kwenye bomba la maji mwanzoni mwa kichochoro kilekile, askari alimkuta Garrod akiosha mikono hadi kwenye viwiko.

"Ninaosha kila siku," Garrod alituambia akiwa kizimbani, ambacho kilikuwa kiti tu kando ya meza ya vinywaji. "Nyinyi mngeokota ninayookota mimi mngeosha mpaka mabega."

Na alikuwa na kinga nzito. Watu kumi na sita wa Mtaa wa Hazeldine walikuja mmoja mmoja, wakabusu Biblia, na kuapa kwamba kati ya saa kumi na robo na saa kumi na moja kasorobo, nusu saa ileile ya daktari, Garrod alikuwa chini ya madirisha yao. Wa mwisho kuapa alikuwa binti yangu Hester.

Sitaficha kwamba jambo hilo lilinigusa kuliko wajumbe wengine. Hester alifiwa na mumewe mwaka uliotangulia, naye aliishi peke yake na mtoto wake Tabitha, mjukuu wangu wa kwanza, aliyekuwa na miaka mitatu na alikwisha kujua kuhesabu hadi hamsini bila kuruka. Chumba chao kilikuwa cha chini. Kwao Garrod hakuhitaji ufito. Aligonga kioo kwa vidole. Kama tungemwachia, kesho alfajiri angesimama tena pale, na kati yake na mwanangu pangekuwa na kioo tu.

"Haya, jamani, tuandike tuondoke," alisema Mudge, muuza nyama, akijinyoosha. "Mke wangu ndiye yuko dukani. Nikichelewa hadi jioni atakuwa amewagawia dada zake ng'ombe mzima."

"Alikutwa akiosha mikono," alisema Pell, mshona kofia. Alikuwa amerudia maneno hayo mara sita tangu asubuhi.

"Pell, bwana, umeioa hiyo mikono? Watu kumi na sita wamemwona."

"Watu kumi na sita wanampenda."

"Nani anampenda mwamshaji? Mimi wangu nilimmwagia maji." Wenzetu wakacheka. "Kumi na sita, Pell. Hata Yesu alikuwa na kumi na wawili."

Nilimtaka Mudge achunge maneno yake, naye akaomba radhi. Kisha nikachukua kalamu. Wengi walikuwa tayari kuandika kwamba Dorcas Venn aliuawa na mtu asiyejulikana, nami nilikuwa tayari pamoja nao. Nilivuta karatasi yenye majina ya mashahidi ili niyapange vizuri kabla ya kuandika, na nilipokuwa nikiyapitia, fikira iliniingia ambayo sikuitaka.

Kwa miaka thelathini nilikuwa nimetengeneza saa za parokia ile. Mganga hujua nani ana kifua kibovu. Mimi nilijua nani ana saa. Nilisoma majina yale kumi na sita upya, polepole, na hapakuwa hata na jina moja la mtu mwenye saa. Watu wa Hazeldine walikuwa watia magome, wakwangua ngozi, na wanawake wa kiwanda cha jemu. Waliokuwa na saa zamani walikwisha kuziweka rehani. Ya Hester ilikuwa juu ya meza yangu ya kazi, springi imekatika, nami nilikuwa sijapata nafasi. Kengele ya kanisa ilishushwa Agosti ili mnara ukarabatiwe. Basi alfajiri ile wote kumi na sita waliijua saa kwa njia moja tu. Waliambiwa na kidole cha Jabez Garrod.

Nilikaa na jambo hilo kwa muda ambao siwezi kuutaja. Wenzangu walikuwa wakiongea habari za chakula. Hakuna aliyeniona. Ningeweza kuandika mistari miwili, kuweka sahihi, na kutoka. Lakini kama mtu huyu ndiye, basi ningekuwa nimemfungulia mlango mwenyewe na kumwelekeza dirishani kwa mwanangu. Na kama siye, nikitamka neno hilo mbele ya umati ule uliokuwa chini ukigonga vikombe, ningekuwa nimempokonya kitu pekee kilichomlinda. Nilitazama mlango uliofungwa, nikatazama madirisha. Chumba kilikuwa kimejaa moshi wa tumbaku kiasi kwamba nyuso za mwisho wa meza hazikuonekana sawasawa.

"Bwana Larkham, wino unakauka," alisema Mudge.

"Wamejuaje ilikuwa saa ngapi?" niliuliza.

"Akina nani?"

"Mashahidi. Wote."

"Si waliamshwa?"

"Na nani?"

Pell ndiye aliyefahamu wa kwanza, nami sikuipenda furaha iliyomjia usoni.

Tuligonga mlango. Hakimu alirudi akiwa bado na leso kifuani, akakunja uso, lakini aliposikia swali langu aliketi, akaamuru mashahidi waitwe tena. Alianza na Hester.

"Mama, umeapa kwamba Garrod aligonga kioo chako saa kumi na nusu."

"Ndiyo, mheshimiwa. Hajawahi kuchelewa."

"Una saa nyumbani?"

"Anayo baba." Alinitazama. "Anayo tangu Pasaka." Watu wakacheka kidogo.

"Basi ulijuaje kuwa ni saa kumi na nusu?"

"Garrod aligonga."

"Na kama angegonga saa kumi?"

"Angegonga saa kumi kwa nini, na mimi huamka saa kumi na nusu?"

Nilimwona Hester akisikia jibu lake mwenyewe, akilirudia moyoni, kisha akaushika ukingo wa meza. Alinitazama mara ya pili, na safari hii hakukuwa na mzaha. Alikwisha kujua kwamba swali limetoka kwangu.

Waliofuata walijibu vivyo hivyo. Mmoja wao, mzee mkwangua ngozi, alikasirika: "Saa ya nini, bwana? Mimi nikiwa na saa, Garrod atakula wapi?"

Mtu aliyebaki kuulizwa ni Obed Fitch, mlinzi wa lango la kiwanda. Saa ya lango niliirekebisha mimi kila Ijumaa, na ilikwenda sawa na ya polisi. Fitch alikuja akiwa na kinyongo chake tayari.

"Siku hiyo walinitukana," alisema. "Nimefungua lango saa kumi na moja na nusu kamili, kama siku zote, nikawakuta wamelowa kama panya. Wananiambia nimelala. Wamesimama mvuani dakika ishirini, wananiambia. Nikawaambia nani aliwatuma mje mapema?"

"Dakika ishirini," alisema hakimu.

"Ishirini, mheshimiwa. Mmoja alinitajia mama yangu."

Sasa hesabu ilikuwa wazi hata kwa Mudge. Garrod aliuamsha mtaa mzima dakika ishirini kabla ya wakati wake. Alipoacha dirisha la mwisho haikuwa saa kumi na moja kasorobo. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na tano. Toka hapo hadi askari alipoupata mwili zilikuwa dakika ishirini, na katika dakika hizo hakuna mtu duniani aliyemwona.

Walimleta. Alisimama akiwa ameikunja kofia yake mikononi. Hakimu alimweleza, naye alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

"Nilikuwa naokota," alisema. "Namaliza madirisha, naokota. Ndoo ilikuwa nusu. Askari aliiona."

"Nani alikuona ukiokota?"

"Nani wa kuniona, mheshimiwa? Ni mbwa tu."

"Mbwa hawaapi," Mudge alinong'ona, na hakimu akampiga jicho.

"Kwa nini uliwaamsha watu mapema?"

"Sikuwaamsha mapema. Niliwaamsha kwa saa yangu." Akanigeukia. Hakunishutumu, alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake mahali alipoweka kofia. "Kama ilikuwa inakimbia, ilikuwa inakimbia. Ilitoka kwako Jumamosi, Bwana Larkham."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo tangu Fitch alipotaja mvua. Saa ilikuwa pale mezani, pamoja na vitu vingine alivyokutwa navyo: kisu cha mkate, mshumaa, na kipande cha chaki. Ilikuwa imesimama, kwa kuwa hakuna aliyeitia ufunguo tangu akamatwe. Hakimu aliniapisha kama shahidi, kwa maana mjumbe mwenye kujua jambo hana ruhusa ya kulijua kimyakimya, kisha akanisukumia saa ile.

Niliifungua kwa ukucha. Nilivaa lenzi yangu, ambayo siku zote ilikuwa mfukoni. Ndani ya saa ya aina ile mna kijiti kidogo cha chuma chenye urefu wa punje ya mchele. Ukikisukuma upande mmoja saa huenda mbio, ukikisukuma upande wa pili huchelewa. Kijiti hicho kilikuwa kimesukumwa karibu na mwisho wa upande wa mbio. Mahali kilipokuwa, saa ingepata dakika nane kwa siku. Kutoka Jumamosi jioni hadi Jumanne alfajiri ingepata ishirini.

Nililisema hilo kwa sauti, na chumba kikavuta pumzi.

"Basi ni saa," alisema Mudge. "Ni saa tu, jamani. Maskini ya Mungu."

"Saa haijisukumi," alisema Pell.

Hakimu aliinua mkono. "Bwana Larkham. Kijiti hicho kilisukumwa na nani?"

Ni vema nieleze jinsi nilivyofanya kazi. Saa iliyokuja kwangu niliisafisha, nikaisukuma upande wa mbio ili niione ikifungua mwendo, kisha nikairudisha katikati na kuitundika msumarini mkabala na saa yangu kubwa kwa siku tatu. Sikumpa mtu saa yake kabla ya siku tatu. Nilimkatalia kasisi. Nilimkatalia nahodha aliyekuwa na meli inayong'oa nanga. Lakini Garrod aliponijia Ijumaa aliniambia kwamba asipokuwa na saa hana kazi, na kwamba kwa siku mbili alikuwa hapati usingizi kabisa, anakaa macho usiku kucha akichungulia saa ya lango kwa Fitch, kwa kuogopa kuwachelewesha watu. Nilimhurumia. Nilimpa saa Jumamosi, baada ya siku moja. Je, nilikirudisha kijiti katikati? Nilikuwa nimefanya hivyo kwa saa zaidi ya elfu. Vidole vyangu vilikumbuka kukirudisha. Lakini vidole vilikumbuka saa zile elfu, si hii.

Kando ya kijiti palikuwa na mkwaruzo mwembamba kwenye bamba la shaba. Ukucha wa mtu asiye fundi, au ncha ya kisu cha mkate, ungeweza kuuacha. Koleo yangu nayo ingeweza kuuacha, ikiwa mkono uliteleza, na mwaka ule mkono wangu ulikuwa umeanza kuteleza jioni, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata Hester.

Nilibaki nimeinama juu ya lenzi muda mrefu kuliko nilivyohitaji. Pale chini ya kioo palikuwa na nafasi ndogo, yenye mwanga, na nje yake watu walikuwa wakingoja. Nikisema ni mkono wangu, Garrod angetoka akiwa mtu aliyepotezwa na saa mbovu, na jina nililolijenga kwa miaka thelathini lingeishia pale, hilo ningelibeba. Lakini ningekuwa nimemfungulia dirisha la mwanangu kwa kiapo cha uongo. Nikisema si mkono wangu, kwamba Larkham hakosei, wote wangeamini, kwa kuwa nilikuwa nimewazoesha kuamini hivyo, na mtu yule angenyongwa kabla ya Krismasi kwa sababu ya kiburi changu. Nilitafuta njia ya tatu, na kila nilipogeuka nilijikuta palepale, juu ya punje ile ya chuma.

"Tunakungoja," alisema hakimu.

"Sijui," nilisema.

"Huwezi kukumbuka, au hujui?"

"Yote mawili. Inaweza kuwa kosa langu. Inaweza kuwa mkono wake. Chuma kingekaa mahali palepale kwa yote mawili."

"Wewe ni fundi wa miaka thelathini."

"Ningeitundika siku tatu, ningejua. Nilimpa baada ya siku moja."

"Sema tu umekosea, mzee," Mudge alisema kwa upole. "Nani atakulaumu? Sema, tutoke."

"Au sema hukukosea," alisema Pell, "nasi pia tutoke."

Niliwaambia nimeapa kusema ninachokijua, na kwamba nimekwisha kukisema.

Garrod alikuwa akinitazama muda wote huo. Sikuona hasira usoni pake, wala shukrani. Kwa siku mbili nilimpima mtu yule kwa maneno yake, mikono yake, na saa yake, na wakati ule nilimtazama machoni nikitumaini kupata uzito wa mwisho utakaoinamisha upande mmoja. Niliona macho mekundu ya mtu anayeamka mapema kuliko wote.

Walituacha tena, mlango ukafungwa. Jopo la namna yetu lilihitaji watu kumi na wawili wenye kauli moja. Kufikia saa kumi na mbili jioni tuliipata: aliuawa na mtu asiyejulikana. Pell alikataa kutia sahihi, akasema mbele yangu kwamba nimetia maji ndani ya haki. Nilimjibu kwamba nimeweka ndani yake kile nilichokuwa nacho. Kisha nikaandika jina langu, la kwanza kabisa, chini ya maneno yale, na mkono haukuteleza.

Garrod alitolewa kwa mlango wa nyuma. Hata hivyo walimwona, wakamrushia matope, na mtu mmoja akauvunja ufito wake vipande viwili. Ndani ya juma moja nyumba kumi na moja zilifuta chaki zao. Desturi ya mtaa ilikuwa kwamba kila mwenye nyumba huandika kwa chaki kando ya mlango saa anayotaka kuamshwa. Sasa kuta zilikuwa tupu, na watu waliamshana kwa kugongeana ukuta, wakachelewa, wakakatwa ujira, wakamlaani Garrod kwa hilo pia.

Jumapili ya pili, mchana, nilikuwa kwa Hester tukila pai ya mikunga, samaki warefu kama nyoka. Tabitha alikuwa mapajani kwangu akihesabu mbaazi. Mlango ulibishwa, Hester akafungua, na pale kizingitini alisimama Garrod, amenyoa ndevu, kofia mkononi.

"Samahani kuwakatiza chakula, mama," alisema. "Nimekuja kuuliza tu. Chaki yako haijafutwa. Sijui ni kusahau au vipi. Niendelee kukuamsha, au niache?"

Hester alinigeukia. "Muulize baba," alimwambia. "Yeye ndiye aliyekaa siku mbili akikupima."

"Hester."

"La, niambie. Yule hakimu uliweza kumwambia hujui. Mimi nina mtoto. Kesho saa kumi na nusu mtu ama yuko dirishani au hayuko. Nifute au nisifute?"

Garrod hakutuomba huruma wala kujitetea. Nilifahamu kwamba nikimwambia aache, nitakuwa nimeliandika jina lake baada ya yote, kwa chaki badala ya wino, na nyumba nne zilizobaki zingefuata ya Larkham kabla jua halijatua. Na nikimwambia aendelee, sitakuwa na karatasi ya kujificha nyuma yake ikiwa nimekosea.

"Aendelee," nilisema.

"Saa kumi na nusu?" Garrod aliuliza.

"Kumi na nusu," Hester alimjibu, bila kumtazama. Mlango ulipofungwa alichukua sahani yangu kabla sijamaliza.

Jioni ileile nilifunga duka, nikahamisha kitanda changu kwa mkokoteni hadi Mtaa wa Hazeldine, nikakiweka ndani, chini ya dirisha lile. Hester na Tabitha niliwahamishia chumba cha ndani. Nililala hapo miaka tisa. Baada ya Dorcas Venn hakuuawa mwanamke mwingine katika parokia yetu. Watu walikuja kuniambia hilo kama ushahidi, wengine kwamba ni yeye, kwa kuwa aliogopa, wengine kwamba si yeye, kwa kuwa aliendelea kutembea na hakuna lililotokea. Wapo mabaharia walioondoka majira ya baridi ile, na wakwangua ngozi watatu waliohamia kaskazini, na mtu mmoja aliyejitupa mtoni. Niliwapima wote kwa zamu, nimelala chali gizani.

Kila alfajiri niliamka saa kumi, nikaketi kitandani, nikangoja vidole vyake kwenye kioo. Vilikuja saa kumi na nusu, na tangu siku zile saa yake haikupata wala kupoteza dakika. Nilipunga mkono. Naye alijua ni mkono wa nani, akasimama kidogo, kisha akaenda zake. Hatukuwahi kuzungumza jambo lile.

"Baba," Hester aliniambia mwaka wa nne au wa tano, akinimiminia chai, "wewe unaamka kabla yake. Unaniamsha wewe. Huyu tunamlipa wa nini?"

Nilimwambia aendelee kumlipa.